Dripu hapana, vidonge ndiyo: dawa za nyongeza kwa mgonjwa wa moyo aliyelazwa

Ndugu wa wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa kusukuma damu wanalalamikia mambo mawili: mgonjwa hatundikiwi dripu, na vidonge vinaongezwa ilhali anapata nafuu.

La dripu tulimalize. Mgonjwa huyu amejaa maji: miguu imevimba, mapafu yameloa, halali bila mito mitatu. Kumwongezea maji ni kumzamisha. Tafadhali msiwabane wauguzi.

Dawa ya kwanza ni furosemaidi, yaani dawa ya mkojo, ya mshipa, kwa kuwa utumbo uliovimba haufyonzi kidonge ipasavyo. Aliyemeza miligramu 40 nyumbani huchomwa walau 40, pengine 80. Kisha mkojo hupimwa. Saa 6 za mwanzo tunatarajia mililita 100 hadi 150 kila saa. Ndugu anayeumwaga chooni kabla haujapimwa, hata kwa nia njema, anavuruga dozi inayofuata. Mkojo ukiwa mdogo, dozi huongezwa maradufu. Ukigoma bado, huongezwa dawa inayofanya kazi sehemu nyingine ya figo, mfano haidroklorothiazaidi. Zikiwa pamoja hushusha sodiamu na potasiamu, chumvi za damu, upesi, hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Msiendelee nazo nyumbani kwa mazoea.

Vidonge vingine vinaulinda moyo wenyewe: enalaprili miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, spironolaktoni 25 mara moja, dapaglifozini 10 mara moja, na kavediloli 3.125 mara mbili, hii ya mwisho mapafu yakishakauka. Dapaglifozini hutibu pia kisukari, lakini hata asiye na kisukari huandikiwa kwa ajili ya moyo. Msiirudishe dirishani mkidai si yake. Isimamishwe tu akitapika au asipokula, na mtoe taarifa.

Mbona zianze wodini? Kwa sababu presha, figo na potasiamu vinaonekana papo hapo. Utafiti wa STRONG-HF wa mwaka 2022 ulipandisha dozi hadi kamili ndani ya wiki 2 baada ya ruhusa, kwa uangalizi wa karibu. Katika siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa moyo walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya 23.3 kwa huduma ya kawaida.

Anayerudi Kondoa au Mpwapwa asiishie kumeza dawa ya mkojo peke yake kwa kuwa ndiyo anayoona kazi yake. Spironolaktoni haianzwi potasiamu ikizidi milimoli 5.0 kwa lita ya damu, nayo potasiamu hupimwa tena baada ya wiki 1 na wiki 4. Ikivuka 5.5 dozi hupunguzwa nusu, ikivuka 6.0 husimamishwa. Diklofenaki ya dukani kwa maumivu ya mgongo huumiza figo na kurudisha maji. Na magadi: mlenda hauna neno, ila magadi yanayotiwa humo ni sodiamu kama chumvi. Tukiuliza chumvi, tunajibiwa "hatumii", na magadi hayatajwi.

Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, aje siku hiyohiyo na maboksi ya dawa zote. Aliyeacha kavediloli wiki kadhaa asijirudishie dozi ya zamani. Huanzishwa upya chini, 3.125, na kupandishwa kila baada ya wiki 2.