Samaki wa dhahabu hakui kwa kipimo cha bakuli

Wauzaji wengi wa samaki wa mapambo husema samaki wa dhahabu hukua kulingana na chombo: bakuli dogo, samaki mdogo, basi. Si kweli. Akipata nafasi hufika hata sentimita 30 na kuishi zaidi ya miaka 10. Bakulini anadumaa, na kinachomdumaza hasa ni maji machafu. Amonia, taka yenye sumu anayoitoa, hujilimbikiza upesi, matamvua anayopumulia yanaungua, naye anapandisha mdomo juu akihema. Mwenye nyumba, kwa huruma zake, hudhani ana njaa na kumwongezea chakula. Kinachobaki kikioza ni amonia tena.

Samaki huyu anahitaji tangi la lita 100 hivi, lenye chujio. Bakteria wanaoota humo hugeuza amonia kuwa nitrati, isiyo na sumu kali kama hiyo, ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.