Polisi hawadeki, jamani

Jana tena. Kazi yangu ni kusafisha nyumba zilizomwagika damu, na dada mmoja hapa Houston kanipigia, risasi imelia sebuleni kwake, majeruhi yuko hospitali, swali lake la kwanza ni polisi wanarudi saa ngapi kusafisha. Dada yangu, hawarudi! Wanaokota maganda, wanapiga picha, wanakuachia ile poda nyeusi ya alama za vidole kila mahali (usiipanguse na kitambaa cha maji, itageuka masizi ya sufuria), wanaondoka. Damu ni ya mwenye nyumba.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni jiki. Mtu akishajua hakuna anayekuja anachukua jiki na maji ya moto anasugua kapeti mpaka doa linapotea, anafurahi. Halijapotea, limeshuka. Chini ya kapeti kuna sponji, chini ya sponji kuna mbao, juu unaona doa kama kisosi, ukifunua unakuta sinia la pilau. Ndo maana bei ya usafi ninayokutajia kwenye simu ni ya kubahatisha, hata mimi sijui mpaka nikate kapeti. Na kusema kweli saa nyingine nakata zaidi ya inavyotakiwa, maana kile kimashine cha kupimia kinanionyesha tu kama kuna uchafu wa kitu chenye uhai, hakijui habari za homa ya ini B, na kirusi chake kinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili, basi naogopa, nakata. Woga wangu analipia mteja.

Tundu la ukutani si kitu, jipsamu na rangi, ila fuata risasi ilikoishia, nishakuta tundu limezibwa safi kabisa na nyuma yake bomba linavuja.

Bima ya nyumba mara nyingi inalipia usafi, ukishatoa ile sehemu yako ya mwanzo. Mfuko wa jimbo wa wahanga wa uhalifu una kikomo, sofa na mlango usitegemee. Polisi wenyewe wakivunja ndo balaa zaidi: mwaka 2020 kule McKinney, hukuhuku Texas, walimfuata mhalifu aliyejificha kwa Vicki Baker, mabomu ya machozi, milango chini, hasara zaidi ya dola 50,000. Bima ikakataa, mji ukakataa, mama wa watu akaishia kortini miaka na miaka.

Yule dada nikamwambia piga picha, funga sebule, usiguse kitu. Kimya kidogo. "Kaka, nimeshasugua."