Likizo inaisha, kazi haijaguswa: maswali na majibu kuhusu kuzama mtandaoni

Wapo watu wanaotimiza kila wanachotakiwa wakiwa kazini au masomoni, lakini wakipata likizo au hata siku moja ya mapumziko, mambo waliyoyawekea siku hiyo hayaguswi: kupanga kabati, kujaza fomu, kumalizia kozi, kwenda kupima macho. Muda wote unaishia mtandaoni, na jioni moyo unakuwa mzito. Jambo hili linagusa afya ya akili, usingizi na mwili, na linaelezeka vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Haya ni maswali yanayoulizwa sana.

Mbona kazini najimudu, lakini nikiwa likizo nashindwa?

Kazini unabebwa na mambo mengi usiyoyatambua. Kuna saa ya kuingia na ya kutoka, kuna mtu anayesubiri ripoti yako, kuna wenzako wanaoendelea na shughuli zao pembeni yako. Likizo inayaondoa yote hayo kwa mpigo. Kazi ya nyumbani haina anayeidai, haina saa, na mara nyingi haina hata pa kuanzia. Chukua mfano wa mtu aliyejiandikia "kupanga karatasi". Jina hilo limeficha kazi chungu nzima: kutoa karatasi zote kwenye droo, kuamua zipi zitupwe, kutafuta mafaili, kuulizia nakala iliyopotea. Akili ikikutana na jambo ambalo mwanzo wake haujulikani, hukimbilia jambo jepesi kuanza, na kugusa kioo cha simu hakuhitaji maandalizi yoyote.

Kwa hiyo huu si uvivu?

Si uvivu, na neno hilo limewaumiza watu bure. Mvivu angalau anastarehe. Anayeahirisha hastarehe, simu iko mkononi huku moyo unamsuta. Mwaka 2013 wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba anayeahirisha anajaribu kutuliza hisia za sasa, na mzigo anamwachia yeye mwenyewe wa kesho. Fomu inaleta wasiwasi wa kukosea. Kozi iliyolala inaleta aibu ya kuchelewa. Kipimo cha afya kinaleta hofu ya majibu. Ukiiacha kazi na kushika simu, hisia ile inapungua papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayokufundisha kurudia vilevile siku inayofuata.

Ndiyo maana kujikaripia hakusaidii. Kunaongeza hisia ileile unayoikimbia. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: katika kazi hii, ni nini hasa kinachonisumbua? Mara nyingi jibu ni dogo na linatatulika, kwa mfano kwamba hujui sehemu moja ya fomu ijazwe vipi.

Nashika simu kwa dakika 5 tu, nakuja kushtuka saa nzima imepita. Inakuwaje?

Fuatilia hatua kwa hatua. Mtu anafuta rafu, anaona doa lisilotoka, anachukua simu atafute namna ya kulitoa. Kabla hajamaliza kuandika, ujumbe unachomoza juu ya kioo. Anaufungua, ndani kuna vidio. Ikiisha, nyingine inajianzisha yenyewe. Anapoinua kichwa, kitambaa alichokiacha kwenye rafu kimekauka, na habari za doa hakuzitafuta kabisa.

Hapo yamekutana mambo mawili. La kwanza ni kukosekana kwa pa kuishia. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na kipindi cha redio kina muda wake. Vituo hivyo vidogo humpa mtu nafasi ya kujiuliza kama anataka kuendelea. Mwaka 2006 mbunifu wa programu Aza Raskin alibuni ukurasa unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoshuka, na mitandao mingi ya kijamii leo inatumia mtindo huo. Raskin mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia athari zake. Kituo kimeondolewa, na pamoja nacho limeondoka lile swali.

La pili ni zawadi isiyotabirika. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa majaribio ya panya na njiwa kwamba mnyama anayepata chakula bila kujua ni mguso wa ngapi utakaokileta huendelea kugusa kitufe kwa bidii, na huchelewa sana kuacha hata chakula kikikoma. Ukiperuzi mtandaoni unakuwa katika hali hiyohiyo: mambo tisa hayana maana kwako, la kumi linakuchekesha au linamhusu mtu unayemfahamu. Hujui lipo wapi, kwa hiyo unashuka tena.

Dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, nayo inahusika, ingawa kuiita "homoni ya raha" kunapotosha. Katika miaka ya 1990, mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za dopamini katika ubongo wa nyani, wakaona zinachangamka zaidi zawadi inapokuja bila kutarajiwa. Zawadi ikishazoeleka, seli hizo huchangamkia dalili yake tu. Kwa mtu mwenye simu, mlio wa arifa unatosha. Ndiyo sababu unaweza kuperuzi kwa muda mrefu bila kufurahia chochote: kutamani na kufurahia havitembei pamoja sikuzote.

Lakini haya ni mapumziko yangu. Kuna ubaya gani nikiyatumia mtandaoni?

Hakuna ubaya wowote, kama ulikusudia hivyo. Kutazama filamu uliyoichagua, kuongea na rafiki aliye mbali, kusoma jambo unalolipenda, hayo ni mapumziko halali. Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitaja mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu: kuacha kuiwaza kazi, kutulia mwili na akili, kujifunza au kumudu jambo jipya, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe.

Ipime siku yako kwa hayo manne. Mtu aliyevutwa kutoka vidio moja hadi nyingine huku kazi yake ikimngoja hakutulia, hakujifunza kitu, na uamuzi juu ya muda wake haukuwa wake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye hasara kubwa, kuliko ile kazi iliyobaki: amekosa kazi na amekosa mapumziko pia. Anarudi kazini amechoka, naye alikuwa na siku nzima ya kupumzika.

Vipi nikifanya kazi huku nachungulia simu kidogo kidogo?

Kila unapochungulia, sehemu ya akili inabaki kule ulikotoka. Mtafiti Sophie Leroy alilieleza jambo hili mwaka 2009: mtu akihamia kazi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, mawazo yake hayahami yote, na kazi ya pili inaharibika. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amekuwa akipima muda ambao watu hukaa kwenye kioo kimoja kabla ya kuhamia kingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika 2 na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi.

Mwili unaathirika pia?

Ndiyo. Ukikodolea kioo unapepesa macho mara chache, hivyo yanakauka na kuwasha. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20. Shingo inaumia kwa kuinama. Usingizi ndio wa kuuangalia zaidi, kwa sababu wengi wakikosa siku yao hulipiza usiku kwa kukesha na simu. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na aliyelala kidogo ana uwezo mdogo wa kujizuia kesho yake, kwa hiyo mzunguko unaanza upya.

Basi nianzie wapi?

Anza jana yake. Chagua jambo moja, yakizidi sana mawili, kisha andika utalifanya lini, wapi, na hatua ya kwanza ni ipi. "Nikimaliza kifungua kinywa, nitakaa mezani nitoe karatasi zote za droo ya juu." Mpango wa namna hii, unaofunga tendo kwenye wakati maalumu, umechunguzwa sana na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 wakakuta unasaidia kwa kiasi kizuri watu kutimiza walichokusudia. Una faida ya pili: E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba ukishaweka mpango wa wazi, kazi ambayo haijaisha hupunguza kukusumbua kichwani hata kabla hujaigusa. Kwa hiyo unaweza hata kulala vizuri.

Kisha weka simu chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi, maana mkono unaifikia kabla hujafikiri. Kama unasubiri simu ya mtoto au mgonjwa, acha mlio kwa namba hizo tu, zima arifa nyingine zote. Weka karatasi na kalamu karibu. Likikujia jambo la kutafuta mtandaoni, kama lile doa la rafu, liandike. Utayatafuta yote kwa pamoja baadaye.

Jiahidi dakika 10 tu. Mara nyingi ugumu uko katika kuanza, na ukishatia mkono, wasiwasi uliokuwa unakuzuia unapungua wenyewe. Na mtandao nao upe saa yake, baada ya kazi, uufurahie bila hatia. Ukiupiga marufuku kutwa nzima utauwaza kutwa nzima.

Programu za kuzuia mitandao zinafaa?

Zinafaa kama uzio, hasa ukizipanga ukiwa umetulia. Lakini kama kinachokukimbiza ni hofu ya ile fomu, utapata kitu kingine cha kukimbilia, hata kuosha vyombo visafi.

Nimeshapoteza siku tatu za likizo. Bado ina maana kuanza?

Ina maana sana. Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, na mwaka 2010 wakaeleza kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani wa pili. Acha kuzifidia zile siku tatu kwa orodha ndefu ya siku moja. Chagua jambo moja la leo, hata kama ni alasiri.

Ni lini nimwone mtaalamu?

Kuperuzi sana si ugonjwa katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kilichomo humo ni tatizo la michezo ya kidijitali, pale mtu anaposhindwa kuidhibiti na kuendelea nayo ingawa inavuruga maisha yake, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi.

Hata hivyo, kuzama mtandaoni huweza kuwa dalili ya jambo jingine. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda, umejaa huzuni, usingizi au hamu ya kula vimebadilika, nenda ukapimwe sonona. Ukipata mawazo ya kujidhuru, tafuta msaada siku hiyohiyo. Na kama kushindwa kutulia na kumaliza mambo kumekuwapo tangu utotoni, kabla ya miaka 12, tena nyumbani, shuleni na kazini, uliza kuhusu ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu apate shida kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja. Watu wazima wengi wameishi nayo bila kutambuliwa, na ina matibabu. Nenda na kumbukumbu ya wiki moja: umelala saa ngapi, umekaa mtandaoni saa ngapi, na ulikuwa unajisikiaje ulipochukua simu. Hilo la mwisho ndilo litakalomsaidia mtaalamu zaidi.