"Nimejisajili SHA" si sawa na "nimelipa SHA"

Jumanne iliyopita, kliniki ya wajawazito, haijafika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshaambiwa neno moja na kina mama sita: "Sista, SHA ninayo, nilijisajili." Nikiuliza umelipia lini, mama hunyamaza, au hufungua simu akanionyesha ujumbe wa kuthibitisha usajili, ameuhifadhi kama risiti. Mimi ni mkunga hapa Mombasa, na SHA ni mpango wa afya wa serikali ya Kenya. Neno hili nimelijibu mpaka sauti imenikauka, na leo naliandika.

"Nikishajisajili, nina bima."

Hapana. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, ilikuja na mifuko mitatu. Mfuko wa huduma za msingi unajazwa na serikali, na ndio unaokutibu bure kwenye zahanati na kituo cha afya, kiwango cha 2 na cha 3. Hapo usajili peke yake unatosha. Mfuko wa pili ndio bima yenyewe, na huo tunaujaza sisi kwa michango yetu: kulazwa, operesheni, kusafishwa figo, vyote vimo humo. Wa tatu ni wa dharura na maradhi makubwa, unaobeba pale wa pili unapoishia.

Sasa kuzaa kuko wapi? Kina mama karibu wote huniambia kuko kwenye ule wa bure. Kuko kwenye mfuko wa pili. SHA humlipia mwanachama shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa operesheni, na mwanachama maana yake ni aliyelipa mchango. Hata ukizalia kituo kile kile ulichokuwa ukipimwa bure miezi yote ya mimba, siku ya uchungu hesabu inabadilika.

Siwalaumu kwa kukosea. Mwaka 2013 serikali iliondoa malipo ya kuzaa katika hospitali za umma, kisha ukaja mpango wa kuzaa bure, Linda Mama, na mjamzito alikuwa akijiandikisha tu, basi. Aliyepata kifungua mimba wakati ule anakuja na mimba ya pili akijua njia ni ile ile. Jina limegeuka likawa Linda Jamii, mchango umeingia, na hakuna aliyemketisha akamweleza. Kinachoniuma ni kwamba wengi huelezwa na karani wa malipo, mtoto akiwa ameshazaliwa.

Kuna binti alitoka Likoni usiku, akavuka feri na presha ya mimba iliyopanda mpaka macho yanaona ukungu. Alipasuliwa usiku ule ule. Hakuna aliyengoja pesa, na mama na mtoto walitoka salama. Asubuhi mumewe, dereva wa tuktuk, alikwenda dirishani na ujumbe wake wa usajili. Karani akamgeuzia skrini ajionee mwenyewe: amesajiliwa, hajalipa. Akatoa noti zake mfukoni mwa shati, akazihesabu mara mbili juu ya kile kibao cha dirisha. Zilikuwa 1,700. Daktari alimruhusu mkewe Alhamisi. Alitoka Jumatatu. Siku zote hizo alikuwa amekaa kitandani amevaa kabisa, buibui na viatu, mtoto amemfunga kwenye leso, kila mlango ukifunguliwa anainua kichwa.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "nitalipa mimba ikikomaa" nakosa uvumilivu. Asiyekuwa na mshahara halipi mwezi kwa mwezi kama zile 500 za NHIF. Anatakiwa kutoa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na wengine hupangiwa zaidi. Ukiacha mpaka uchungu uanze, utaitafuta pesa hiyo siku ile ile unayotafuta nauli, pamba na nguo za mtoto.

Ushauri wangu ni mmoja na siuachi: tumieni chama, kile kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu. Hakuna mtaa wa Mombasa usio na kina mama wanaochezeana pesa. Wanawake 12, kila mmoja 300 kwa mwezi, kila mwezi wamepata 3,600, mchango mzima wa mwaka wa mmoja wao. Mwenye mimba apewe zamu ya mwanzo. Aliyepangiwa zaidi aongeze tofauti yake. Na pesa isipitie mkononi: mweka hazina ailipe moja kwa moja, mkiwa mmekaa hapo hapo, simu ikizungushwa kila mtu aone. Serikali imeleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa mchango wa mwaka ukaurudisha kidogo kidogo, na anayeuweza autumie, lakini mimi chama nakipenda zaidi. Hakina riba, na jirani anakujua siku unapokwama.

"Ni 300 kwa kila kichwa, na mimi nina watoto watano."

Mchango ni wa nyumba, si wa kichwa. Unamfunika mchangiaji, mwenzake wa ndoa na watoto. Ila ni lazima uwaandike, na hapa napo watu huteleza: "mume wangu anakatwa kazini bandarini" haitoshi kama jina lako halimo kwenye akaunti yake. Waandike sasa, vyeti vya kuzaliwa vikiwa karibu. Mtoto mchanga naye huongezwa, haingii mwenyewe.

"Nakatwa kwenye mshahara, kwa hiyo nimelipa."

Umekatwa asilimia 2.75, sawa. Lakini mwajiri anatakiwa kuifikisha SHA ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na wapo wanaokata wakakaa nayo. Piga *147# ujiangalie mwenyewe. Usingoje kuyajua hayo ukiwa na mgonjwa mkononi.

"Yale maswali ya ukuta na choo ni ya kutupeleleza."

Huna hati ya mshahara, kwa hiyo kipato chako kinakadiriwa kwa hali ya nyumba: paa, sakafu, maji, choo, idadi ya watu. Jibu kweli, na ujibu mwenyewe. Nimewaona waliojaziwa na kijana wa saibakafe aliyekuwa na haraka, wakapangiwa mchango wa mwenye ghorofa.

"Zahanati ni ya Panadol tu."

Kwa homa ya mtoto, kipimo cha malaria, chanjo na kliniki ya mimba, anza zahanati. Kule usajili unakutosha. Unapopanga foleni Makadara, pale hospitali kuu ya Pwani, kwa kikohozi cha siku mbili, umeukimbia mfuko wa bure.

"Nisipougua, pesa yangu imeliwa."

Imemtibu jirani yako. Mwaka mwingine yake itakutibu wewe.

"Nitaingia na kitambulisho cha dada yangu, yeye amelipa."

Hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Kadi hazipo tena. Siku hizi ni alama za vidole. Na tuseme umepita: faili la wodini litabeba damu ya dada, vipimo vya dada, jina la dada. Karatasi tunayokujazia ya kwenda kuombea cheti cha kuzaliwa itaandika mama mzazi ni dada. Nilimpokea mmoja aliyerudi mwaka wa pili, mtoto anatembea, anataka jina lisahihishwe. Nilimwonyesha faili. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi yake mwenyewe chini ya jina la mtu mwingine.