Mbao kugeuka kijivu si kuoza

Benchi la mtiki likikaa nje misimu miwili ya mvua na kugeuka kijivu, wengi hukimbilia vanishi wakidhani mbao zinaoza. Haziozi. Miale ya jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, kisha mvua huiosha na kuiondoa, ikiacha nyuzi za kijivu juu juu tu. Piga msasa kidogo: chini ya tabaka lisilofika hata milimita moja utaikuta ileile rangi ya asali.

Kinachoozesha ni kuvu, nayo inahitaji unyevu unaokaa. Ndiyo maana vanishi ya nje hunitia wasiwasi: juani hupasuka, maji hupenya kwenye nyufa na kunaswa humo. Ukishaianza, utaikwangua na kuipaka upya mara kwa mara. Kwa kiini cha mtiki au mvule, chenye kinga yake yenyewe, mimi ningeinua tu miguu ya benchi isiguse udongo.

Msonobari ni habari nyingine. Na ule ubao mweupe wa pembeni mwa gogo, hata la mtiki, hauna kinga hiyo. Huo utibu kwa dawa.