Thamani ya kuuzia tena: mfano wa Datsun 240Z

Thamani ya kuuzia tena ni pesa utakayopata siku utakapomkabidhi mtu mwingine funguo. Kwa gari la kazi, iwe Probox au Land Cruiser, pesa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, tofauti ni kasi tu. Gari la spoti la zamani lina hatua mbili zaidi: bei hushuka mpaka chini na kulala hapo miaka mingi, kisha kwa baadhi ya magari hupanda. Tilia mkazo hapo kwenye "baadhi". Umri peke yake haupandishi bei. Gari bovu la miaka 50 ni gari bovu, basi.

Datsun 240Z inafaa kwa maelezo haya kwa sababu safari yake yote inaonekana, na haikuwa gari la matajiri tangu mwanzo. Nissan, wenye jina la Datsun, waliitoa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Marekani iliuzwa kwa dola 3,526, karibu nusu ya bei ya Porsche 911T ya wakati huo. Chini ya boneti ilikuwa na injini ya L24: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Hadi 1973 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 150,000.

Gari lililotengenezwa kwa wingi hivyo linawezaje kuwa adimu? Kwa kuharibiwa. Katika miaka ya 1980 hakuna aliyeiona 240Z kuwa mali. Lilikuwa gari la kijana mwenye pesa kidogo: likipata kutu, kona inazibwa kwa puti, injini ikichoka, inawekwa L28, injini kubwa zaidi, kutoka 280Z (mdogo wake wa baadaye) iliyopata ajali, au hata V8 ya Chevrolet, upande wa nyuma unakatwa ili tairi pana ziingie. Kila moja ya kazi hizo ilipunguza idadi ya magari ambayo hayajaguswa. Kiwanda hakikuufanya uadimu huu, wenye magari ndio walioufanya, tena bila kujua.

Katika miaka ya 1990 Nissan ya Marekani ilinunua 240Z chache, ikazitengeneza upya na kuziuza kupitia maduka yake kwa takribani dola 25,000 kila moja. Januari 2020 moja iliyotunzwa vizuri sana, yenye maili chache, iliuzwa Marekani kwa dola 310,000. Bei hiyo ya pili ndiyo watu wanayoikumbuka, na ndiyo inayowapoteza. Zile dola 3,526 za 1970, ukizipandisha kwa mfumuko wa bei, zinakuwa karibu dola 28,000 za mwaka 2023. 240Z ya hali ya wastani, inayoendeshwa na yenye kasoro zake za hapa na pale, haiuzwi mbali sana na kiasi hicho. Maana yake gari la wastani limeshika thamani yake. Lililopanda kweli ni lile bora, na pengo kati ya hayo mawili ni kubwa.

Pengo hilo linatokana na kitu kimoja: ushahidi kwamba gari lililo mbele yako ni lilelile lililotoka kiwandani. Wapenzi wa magari huliita gari la aina hiyo gari lenye namba zake. Kwenye 240Z zinakaguliwa hivi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Magari yaliyouzwa Marekani huanza na HLS30, na yale ya usukani wa kulia yaliyouzwa nje ya Japani huanza na HS30. Namba hiyohiyo iko kwenye kibati ndani ya chumba cha injini, na kibati hicho kimeandikwa pia namba ya injini. Sasa angalia injini yenyewe: upande wa kulia wa bloku, kwa nyuma, chini ya plagi ya sita, kuna sehemu iliyosawazishwa yenye maandishi L24 na tarakimu zake. Mara nyingi imefunikwa na grisi na vumbi la miaka. Ifute kwa kitambaa na mafuta ya taa, usiikwangue kwa bisibisi. Ukikuta L28, basi injini si yake, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukikuta L24 lakini tarakimu hazifanani na za kibati, hiyo ni injini ya gari jingine. Linaendesha vizuri vilevile, ila bei si ileile.

Kuna ujanja wa kuuziwa kibati. Kibati kinashikiliwa na riveti ndogo tu, na mtu anaweza kukitoa kwenye gari lililokwisha akakibandika kwenye bodi nyingine. Kwa hiyo namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo ya kuaminiwa kwanza, kibati kinafuata. Ukiona alama za kuchomelea au rangi mpya nene kuizunguka namba ya chesisi wakati chumba kizima cha injini kina rangi ya zamani, acha kwanza habari ya bei, uliza gari hilo lilipitia wapi.

Baada ya namba, kutu. Hapa ndipo 240Z inapoua zaidi, kwa sababu bati lake ni jembamba na haina fremu ya kujitegemea: bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Anzia chini ya betri. Asidi huvuja, inakula sahani ya betri, kisha ukuta ulio chini yake. Nenda kwenye mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Igonge kwa mpini wa bisibisi usikilize, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kadibodi. Angalia pembe ya chini ya madigadi ya mbele, nyuma ya tairi, ambako matope hujikusanya na kukaa na unyevu. Angalia sehemu iliyo kati ya mlango na tairi la nyuma. Inua zulia la buti utazame shimo la tairi la spea. Chini ya kioo cha mbele ndiko kubaya kuliko kote, maana maji huingilia hapo, hulowesha sakafu kutoka ndani, na kupafikia lazima ufungue mambo mengi.

Sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba, ili isikwaruze, itakuambia wapi kuna puti, kwa sababu haitashika. Kipimo cha unene wa rangi kinasema zaidi. Rangi ya kiwandani ya magari ya miaka hiyo kwa kawaida iko kati ya maikroni 80 na 150. Ukisoma 200 hadi 350, gari limepakwa upya, jambo la kawaida kwa umri huo. Ukisoma 800 mlangoni na 120 kwenye paa, mlango huo umewahi kupigwa. Pima sehemu kumi kila upande, uandike. Muuzaji mkweli hakasiriki.

Ndani ya gari kuna kitu kimoja ambacho wanunuzi wapya hukidharau: dashibodi. Ile ya 240Z ni povu lililovikwa plastiki, na jua huipasua. Nyingi zimepasuka. Isiyo na ufa inaongeza bei kuliko redio na viti vipya kwa pamoja, kwa sababu ukarabati wake ni wa mikono na ni wa ghali. Pitisha kucha kwenye ukingo wa juu. Kuna vifuniko vya plastiki ngumu vinavyobandikwa juu ya dashibodi iliyopasuka, na kwenye picha huwezi kuvitambua.

Marekebisho yote hayalingani. Linaloweza kurudishwa linasamehewa, la kukata chuma halisamehewi. Mfano ni kabureta. Magari ya mwaka 1973 yalikuja na kabureta zenye kichwa bapa, zilizobuniwa kwa ajili ya sheria za moshi za Marekani, na zilikuwa na tabia ya kuchemsha petroli wakati wa joto mpaka injini inakohoa na kugoma kuwaka. Wamiliki wengi walizitoa wakafunga zile za mviringo za miaka iliyotangulia. Hayo ni marekebisho mazuri, na hayapunguzi bei sana ilimradi zile bapa ziko kwenye boksi zinauzwa na gari. Vivyo hivyo rimu za chuma za inchi 14 na vifuniko vyake: funga rimu unazozipenda, lakini zile zisitupwe. Kinyume chake ni madigadi yaliyokatwa ili kupata upana. Kuyarudisha ni kununua bati jipya, kulehemu na kupaka rangi nusu ya gari.

Ukoo nao una bei yake. Z432, iliyouzwa Japani peke yake ikiwa na injini ya Skyline GT-R, gari jingine la spoti la Nissan, ilitengenezwa kwa mamia tu, nayo iko kwenye bei za dunia nyingine. Upande wa pili, 260Z ya viti vinne na 280Z yenye bampa nzito huuzwa kwa bei ndogo kuliko 240Z, ingawa 280Z ni rahisi zaidi kuishi nayo kila siku kwa sababu haina kabureta. Soko la klasiki halilipii urahisi. Linalipia umbo la kwanza, la mapema, na ndiyo maana hata ndani ya 240Z zile za mwanzo kabisa, zenye matundu ya hewa kwenye mlango wa buti, zinatafutwa zaidi.

Afrika Mashariki inaingia hapa kwa haki yake. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya 1971 kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena kwa gari la aina hiyohiyo. Gari la ushindi wa 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Japani, na mikunjo yake. Ushindi huo unawasaidia wenye 240Z wote kidogo, maana jina lina hadithi. Lakini gari mahususi linapata bei ya mashindano pale tu lina karatasi: kadi ya usajili, fomu za mashindano, picha za enzi hizo zinazoonyesha namba ya usajili. Rangi nyekundu na boneti nyeusi za magari hayo ya Safari kila mchoraji wa gereji anaweza kuzipaka.

Sheria pia husukuma bei. Marekani, gari lililotimiza miaka 25 linaweza kuingizwa bila kufuata viwango vya usalama vya shirikisho. Ndiyo sababu Skyline GT-R za miaka ya 1990 zilipanda kila zilipokaribia umri huo. Kenya ni kinyume: kwa kawaida gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane haliruhusiwi kuingia. Kwa hiyo klasiki iliyoko Nairobi tayari, yenye logbuku safi, haipati ushindani wa meli inayofuata.

Sasa hesabu ambayo wauzaji hawapendi. Chukua mfano wa gari lililonunuliwa dola 30,000. Kila mwaka bima dola 500, mahali pa kulihifadhi 1,200, sevisi na spea 1,300. Miaka kumi ni dola 30,000 nyingine. Liuzwe mnadani kwa 55,000, ondoa asilimia 10 ya ada na usafiri, unabaki na 49,500. Bei imepanda dola 25,000, na wewe umepoteza 10,500. Ukilitengeneza bodi katikati ndiyo kabisa, kwani kazi kamili ya bodi na rangi Marekani hupita dola 20,000 kwa urahisi. Ndiyo maana ushauri wa wazoefu haubadiliki: nunua gari zuri zaidi ya lile ambalo mfuko wako ungependa, usinunue bovu la kutengeneza. Kutu ya mtu mwingine ni afadhali aiondoe yeye.

Bima nayo iwe ya thamani iliyokubaliwa. Bima ya kawaida hulilipa gari kwa thamani ya soko iliyochakaa, na kwa gari la 1971 karani anaweza kuandika karibu sifuri. Ile ya kukubaliana huandika kiasi mapema, kwa kufuata picha na ripoti ya mthamini, na inafaa kurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Gari linalosimama linaharibika kwa njia yake. Unyevu wa chumba uwe kati ya asilimia 50 na 60. Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hiyo ni kazi kubwa, na turubai la plastiki linaizidisha kwa kufungia mvuke ndani, kwa hiyo tumia kitambaa kinachopumua. Mafuta ya breki hunyonya maji, badilisha kila miaka miwili. Kuwasha injini dakika tano kisha kuzima ni kosa kubwa kuliko kutoiwasha, kwa sababu maji yanabaki kwenye ekzosi na ndani ya oili. Liendeshe mpaka lipate joto kamili, nusu saa hivi, mara moja kwa mwezi. Tairi zisomwe tarehe: tarakimu nne za mwisho pembeni ni wiki na mwaka, na zikipita miaka kumi hazifai barabarani hata kama kashata zake bado nzima.

Weka kila risiti kwenye faili moja, hata ya plagi, pamoja na picha za chuma kikiwa kitupu kabla ya rangi. Na mnunuzi akipanga kuja saa nne asubuhi, usiiwashe injini kabla yake. Atakachofanya kwanza, kama anajua anachonunua, ni kuweka kiganja juu ya boneti kuona kama ni baridi.