Foleni ni salama, ila mistari yako miwili siyo

Wiki hii nimeletewa tena, karibu herufi kwa herufi: "Mkuu, tatizo haliwezi kuwa kwenye foleni, nimetumia ile iliyo salama kwa nyuzi nyingi." Nimeacha kuhesabu. (Foleni ni pale kazi zinaposubiri zamu; nyuzi ni njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja.) Anayesema hivyo huwa amekesha siku mbili akisaka hitilafu kila mahali isipokuwa kwenye mistari aliyoiandika yeye mwenyewe, kwa sababu nyaraka zilimwambia klasi ya foleni ni salama, naye akaelewa kwamba programu yake ni salama. Hayo ni mambo mawili, na leo nayatenganisha.

Majina kwanza. Nazungumzia foleni ya ncha mbili, ile unayoweza kuingiza na kutoa mbele, na nyuma vilevile. Kwa mdomo tunaiita deki. Haina undugu na kupiga deki, ingawa ukiitumia ovyo kazi ya kusafisha sakafu itakuwa yako. Kwenye lugha ya Java utakutana na tatu: ArrayDeque, isiyo na ulinzi wowote; LinkedBlockingDeque, yenye kufuli ndani (linalopitisha uzi mmoja tu kwa wakati), iliyokuja na Java 6; na ConcurrentLinkedDeque, isiyotumia kufuli, iliyokuja na Java 7.

Mistari yenyewe hii hapa. Nimebadilisha majina tu:

    if (!foleni.isEmpty()) {
        Kazi k = foleni.removeFirst();
        k.fanya();
    }

Foleni hapo ni LinkedBlockingDeque. isEmpty(), inayouliza kama foleni ni tupu, ni salama. removeFirst(), inayotoa cha mbele, ni salama. Penye hatari ni ule mwanya kati ya hizo mbili, na mwanya huo si wa foleni, ni wako. Chukulia imebaki kazi moja. Uzi A unauliza, unaambiwa ipo. Kabla haujasogea, mfumo wa uendeshaji unaulaza. Uzi B nao unauliza, unaambiwa ipo, unaibeba, unaondoka. A unaamka ukiwa na jibu lililokuwa kweli kitambo kile, unaita removeFirst(), unarushiwa NoSuchElementException. Hakuna aliyevunja sheria. Foleni imetimiza ahadi yake: kila methodi (tendo la klasi) ya namna hii ikiitwa itakuwa kama imetokea kwa mpigo mmoja, wala hakuna uzi utakaoikuta nusunusu. Haikuahidi kwamba methodi mbili zinazofuatana zitakuwa kitu kimoja. Ingeahidije? Haijui hata kama utaita ya pili.

Dawa ni fupi: usiulize, chukua. pollFirst() inakupa kitu au inakurudishia null, swali na tendo vikifanyika pamoja. Ndiyo maana pia deki hizi zote tatu zinakataa kuhifadhi null. Null ndiyo namna yao ya kusema "sina kitu". Na kama uzi wako hauna shughuli nyingine duniani, tumia takeFirst(), utalala hadi kazi iingie.

Naandika haya kama mtu aliyeungua. Kwenye mfumo mmoja nisioutaja, mistari kama hiyo (yangu mimi, tusizungushane) ilikuwa ndani ya kitanzi kisicho na mwisho. Vitanzi vilikuwa vinane, kila kimoja nimekikabidhi kwa ExecutorService, msimamizi wa nyuzi wa Java, kwa submit(). Sasa, submit() ina tabia yake: kosa likirushwa ndani ya kazi, linafungiwa kwenye Future (bahasha ya matokeo) unayorudishiwa, na usipoifungua hiyo Future hutaliona. Nani anafungua Future ya kitanzi kisichoisha? Vikawa vinakufa kimoja kimoja kwa siku kadhaa, logi (daftari la matukio ya programu) kimya. Saba vikafa. Cha nane hakikufa, na hilo ndilo lililonipoteza kabisa: hakikuwa na wa kushindana naye tena, kwa hiyo kosa lenyewe likaacha kutokea. Mfumo ukabaki "unafanya kazi", polepole tu. Foleni nayo sikuiwekea ukomo, na LinkedBlockingDeque isiyo na ukomo hukubali hadi vitu 2,147,483,647. Kumbukumbu iliisha kabla hatujafika huko.

Wapo wanaosikia kisa hiki wakakimbilia kuzungushia kila kitu synchronized (foleni), amri ya Java ya kufunga kwa kufuli la kitu husika. Hapa hupandwa na hasira kidogo, kwa sababu dawa hii inaonekana kuponya hadi siku itakapoua. LinkedBlockingDeque haifungi kwa kufuli la kitu chenyewe. Ina ReentrantLock yake ndani, ya faragha, ambayo wewe huifikii. Uzi wowote utakaoita pollFirst() bila kupitia synchronized yako utapita kana kwamba hujafunga chochote. Umefunga mlango wa mbele, wenzako wanatumia wa nyuma. Halafu kuna balaa kubwa zaidi. Ukiita takeFirst() ukiwa ndani ya synchronized na foleni ikiwa tupu, uzi wako unalala. Unapolala unaachia kufuli la ndani, ndivyo methodi ilivyoandikwa, lakini lile la nje unalala umelikumbatia. Mzalishaji, yaani uzi unaoingiza kazi, kwa nidhamu uliyomfundisha mwenyewe, anataka lile la nje kwanza ndipo aingize kazi. Hapati. Wewe unamsubiri yeye, yeye anakusubiri wewe. Hakuna kosa litakalorushwa, prosesa imetulia, seva inaonekana ina afya kuliko siku zote.

Python kwa haraka: collections.deque inaahidi kwamba append na popleft ni salama kwa nyuzi, na ni kweli. "if d: d.popleft()" ina ugonjwa uleule, ila kosa linaitwa IndexError. Ukiipitia kwa for wakati uzi mwingine unaingiza, utapata RuntimeError, na afadhali hiyo kuliko kimya. Ukiweka maxlen, foleni ikijaa inatupa kitu cha upande wa pili bila kukwambia. Watu huita hilo hitilafu; limeandikwa kwenye nyaraka. C++ nayo: std::deque haina ulinzi, na usidhani kuifungia mutex (kufuli la C++) kwenye kila methodi kutatosha, maana front() inakuonyesha na pop_front() inatoa bila kurudisha kitu. Mwanya uleule, safari hii umejengwa ndani ya umbo la klasi yenyewe. Andika methodi yako moja inayofanya yote mawili chini ya mutex.

Sasa lile linaloniudhi zaidi, na ambalo vitabu hulipita mbio: kuchungulia. Una kazi zenye muda wake. Unataka uitazame ya mbele, kama wakati wake umefika uitoe, kama bado uiache. Mtu anaandika peekFirst(), anakagua, halafu pollFirst(). Hapa hata NoSuchElementException ya kukuokoa haipo. Umechungulia kazi moja, ukatoa nyingine, na programu inaendelea ikitabasamu.

Mjanja anasema: basi naitoa kwanza, naikagua mkononi, nikiona bado nairudisha mbele kwa putFirst(). Si ndiyo faida ya kuwa na ncha mbili? Nami niliwahi kusema hivyo, tena kwa kujiamini. Tazama kinachotokea. Kwanza, wakati kazi iko mkononi mwako haimo kwenye foleni. Uzi mwingine unaopita unakuta patupu, unahitimisha kwamba kazi zimekwisha, unafunga duka. Pili, mpangilio. A anatoa kazi ya 1, B anatoa ya 2, A anarudisha ya 1, B anarudisha ya 2. Mbele sasa kuna 2 kisha 1. Nyuzi zikiwa nyingi, kichwa cha foleni kinachanganywa kama karata.

Tatu ndiyo ya usiku wa manane. Umeweka ukomo wa 100, kama kisa changu kilivyokufundisha. Foleni imejaa, wazalishaji wanasubiri nafasi. Nyuzi nne za walaji zinatoa kazi nne, zinabaki 96. Papo hapo wazalishaji wanaingiza nne, zinakuwa 100. Walaji wote wanne wanakagua, wanaona bado, wanaita putFirst(). Imejaa. Wanasubiri nafasi ambayo watakaoweza kuitengeneza ni wao wenyewe. Kila methodi hapo ni salama, hakuna kufuli la nje, hakuna aliyekosea sarufi ya maktaba, na mfumo umekwama moja kwa moja. Ukibadilisha putFirst() kuwa offerFirst() hutakwama, utarudishiwa false, na sasa umesimama na kazi mkononi isiyo na pa kwenda. Unaitupa? Unaishika hadi lini?

Nimebadili msimamo juu ya hili zaidi ya mara moja. Siku hizi hali kama hiyo naichukulia kuwa dalili kwamba nimechagua chombo kisicho sahihi. Kama ni suala la muda, DelayQueue ipo na inajua kusubiri. Kama uamuzi ni wangu wa kipekee, natumia ArrayDeque, ndiyo, ile isiyo na ulinzi, naiweka ndani ya klasi yangu isionekane nje, na kufuli langu moja: nafunga, nachungulia, naamua, natoa, nafungua. Klasi isiyo salama chini ya kufuli lako inakupa usalama ambao klasi iliyo salama haikupi, maana sasa wewe ndiye unayechora mpaka wa tendo. Sina raha nayo kamili. Mtu atakayekuja baada yangu ataongeza methodi moja na kusahau kufunga, na hakuna kitu kwenye lugha kitakachomzuia. Ninaacha maoni juu ya klasi. Sote tunajua nani husoma maoni.

Kuna imani nyingine, ndugu wa hiyo ya kwanza: "mmoja anaingiza nyuma, mwingine anatoa mbele, kwa hiyo hawagusani." Wanagusana. Foleni yenye kitu kimoja, mbele na nyuma ni palepale. Foleni ya upande mmoja, LinkedBlockingQueue, imeweza kuwa na makufuli mawili, la kuingizia na la kutolea. LinkedBlockingDeque ina moja tu kwa ncha zote mbili. Kwa hiyo kama huhitaji ncha ya pili, usiichukue kwa ajili ya "huenda nikaihitaji"; unailipia kila siku.

Kufanya ncha mbili ziwe huru bila kufuli ni kazi iliyowatoa jasho watu wenye akili kuniliko. Mwaka 2000 kundi la watafiti, wakiwemo Guy Steele na Nir Shavit, walichapisha deki iitwayo Snark. Iliegemea amri ya kubadilisha sehemu mbili za kumbukumbu kwa mpigo, amri ambayo prosesa za kawaida za leo hazina. Uthibitisho wake ulikuwepo. Mwaka 2004 yakachapishwa makosa yaliyofichuka pale watu walipojaribu kuuthibitisha kwa kompyuta hatua kwa hatua. Ile ya David Chase na Yossi Lev ya 2005, inayotumika kugawana kazi kwa kuibiana, ilifanikiwa kwa kupunguza tamaa: mwenye foleni peke yake ndiye anayeingiza na kutoa upande mmoja, wengine wanaruhusiwa kuiba tu upande wa pili. Mara nyingi mwenyewe anatoa bila ugomvi. Kimbembe kiko kwenye kitu cha mwisho, hapo lazima washindane. Na bado mwaka 2013 chombo cha majaribio kilichoitwa CDSChecker kilikuta kosa kwenye foleni ya namna hiyo iliyokuwa imechapishwa kwa lugha ya C11. Kwa hiyo kijana akiniambia ameandika deki yake isiyo na kufuli wikendi hii na majaribio yote yamepita, namwamini kuhusu majaribio. Kompyuta yake ni ya prosesa za x86, na x86 inasamehe mengi katika mpangilio wa kumbukumbu ambayo ARM, familia nyingine ya prosesa, haisamehi.

Mwisho ni size(). Kwenye ConcurrentLinkedDeque haisomi namba iliyotunzwa popote. Inatembea kwenye foleni nzima ikihesabu, wengine wakiendelea kuingiza na kutoa. Jibu linaweza lisilingane na hali yoyote iliyowahi kuwepo. Kwa grafu ya ufuatiliaji inatosha, mradi usiiite kwa kila ujumbe.

Yule wa wiki hii alibadilisha, akaweka pollFirst(). Jana jioni akaniandikia: "Mkuu, sasa imerudisha null na logi inasema size() ni 3. Foleni yenyewe imeharibika?" Nikamwomba anitumie mstari unaoandika logi. Uko mistari miwili juu ya pollFirst().